Bwana Atakuja, Nasi Tupande

Mazungumzo ya redioni kwa msimu wa Majilio
Somo: Mathayo 24:36–51



Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipopungua, nilifika Chewele, huku kwetu kando ya mto Tana, kuwatembelea Wakristo wachache tulio nao pale. Maji yalikuwa yamerudi mtoni, yakaacha matope mazito mashambani na alama yake kwenye kuta za nyumba zilizosalia. Baada ya ibada mzee mmoja alinifuata chini ya mwembe, akangoja hata wengine wakaondoka. Ndipo akaniuliza, "Mchungaji, nipande au nisipande?"

Nilidhani aniuliza habari za mvua. Sivyo. Mhubiri mmoja msafiri alikuwa amepita kijijini, akawahesabia watu dalili kwa vidole: ukame ulioua ng'ombe tangu mwaka 2020 hata mapema 2023, kisha mafuriko ya Novemba 2023, kisha mafuriko haya mengine kabla matope ya kwanza hayajakauka. Akawaambia kwamba Bwana yu mlangoni, na ya kuwa mtu anunuaye mbegu wakati huu aonyesha kwamba haamini. Mzee wangu alikuwa na fedha kidogo za mbegu, amezifunga katika kitambaa. Hakutaka kumkosea Mungu. Na nyumbani wajukuu walikuwa wakingoja kula.

Sikumjibu upesi, kwa sababu swali lile nalijua. Nimelibeba mimi mwenyewe ujanani, nami nitawaeleza hapo mbele. Lakini leo napenda kwanza tuitazame historia ya Kanisa, tuone wakristo waliotutangulia walimngojaje Bwana. Kwa maana mzee wa Chewele si wa kwanza kuuliza, wala yule mhubiri msafiri si wa kwanza kuhesabu.

TUNALOAMINI

Kwanza tusikosee. Kuja kwake Yesu mara ya pili si hadithi ya wazushi. Ni imani ya Kanisa lote. Kila Jumapili tunapoikiri Imani ya Nikea, twakiri kwamba yeye aliyepaa mbinguni atarudi kwa utukufu kuwahukumu walio hai na wafu. Kila tunapokula mkate na kukinywea kikombe katika Ushirika Mtakatifu, Mtume Paulo atuambia kwamba twaitangaza mauti ya Bwana mpaka ajapo. Wakristo wa kwanza walikuwa na neno moja la Kiaramu walilolitumia katika maombi yao, Maranatha, maana yake ni kumwomba Bwana aje. Na majuma haya manne ya Majilio, kabla ya Krismasi, tumewekewa na Kanisa ili tukumbuke majilio mawili: alipokuja katika unyonge Bethlehemu, na atakapokuja katika utukufu.

Wakristo hawakubaliani katika mambo yote ya habari hii. Wako wanaofundisha kwamba Bwana atakuja kabla ya ile miaka elfu inayotajwa katika Ufunuo sura ya 20. Wako wanaofuata mafundisho ya Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, kwamba miaka elfu ile ni mfano wa wakati huu wa Kanisa. Watu wema wamo pande zote. Lakini neno moja halina pande mbili: Bwana mwenyewe alisema kwamba siku ile na saa ile haijulikani na mtu, wala malaika, bali na Baba. Hata jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi huku Tana, wafundishwa kwamba Isa atarudi na kwamba elimu ya Saa iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Ni ajabu basi kwamba Mkristo aweza kuisoma Mathayo 24 yote, na bado akachukua kalamu aanze kupiga hesabu.

WALIOACHA KAZI

Kosa hili ni la zamani. Katika mji wa Thesalonike, miaka kama ishirini tu baada ya Bwana kupaa, walikuwako Wakristo waliosikia kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika. Wakaacha kazi zao, wakawa wakizunguka na kula vya wengine. Mtume Paulo hakuwasifu kwa imani yao kubwa. Katika waraka wake wa pili aliwaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Tena akajitaja yeye mwenyewe kuwa mfano, jinsi alivyofanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, katika nchi ya Frigia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, mtu mmoja jina lake Montano pamoja na manabii wake wa kike walitangaza kwamba Yerusalemu mpya ungeshuka karibu na mji wao wa Pepuza. Wengi walikwenda. Yerusalemu haukushuka. Pepuza ukaja kusahauliwa hata wataalamu wa zama zetu wakahangaika kutafuta ulikokuwa.

HESABU YA UJERUMANI

Sasa, ndugu zangu, nawaomba mnifuate mpaka Ujerumani, kwa kuwa huko ndiko ilikotoka njia iliyoleta Injili kwetu pwani.

Kusini mwa Ujerumani, katika nchi ya Württemberg, alikuwako mwalimu mkuu wa Biblia, Johann Albrecht Bengel, aliyeishi tangu 1687 hata 1752. Alikuwa mtu wa sala na mwanachuoni hodari, na mwaka 1734 alitoa chapa yake ya Agano Jipya la Kiyunani, kazi iliyoheshimiwa sana. Lakini hata mtu mkubwa aweza kuteleza. Bengel alizipiga hesabu namba za kitabu cha Ufunuo, akaona kwamba mambo makuu ya mwisho yangetukia mwaka 1836. Alikuwa mnyenyekevu kiasi cha kusema kwamba mwaka ule ukipita bila neno, ijulikane kwamba liko kosa kubwa katika hesabu zake. Watu walikumbuka hesabu, wakausahau unyenyekevu.

Mwaka 1815 mlima wa moto Tambora ulilipuka huko Indonesia. Vumbi lake lilizuia jua hata Ulaya, na mwaka 1816 haukuwa na kiangazi. Mavuno yakaharibika, njaa ikaingia Württemberg. Watu maskini wakasema, Hizi ndizo dalili. Maelfu wakauza vyao, wakafunga safari kuelekea Urusi ya kusini na milima ya Kaukasi, wakitumaini kupata huko mahali pa kimbilio siku za mwisho zitakapofika. Wengi walikufa njiani kwa maradhi.

Lakini wako waliobaki. Mwaka 1819, karibu na mji wa Stuttgart, walijenga kijiji cha Korntal ili waumini wale wapate mahali pa kumwabudu Mungu wasilazimike kuhama. Nao walimngoja Bwana kwa hamu. Walakini walilima, wakajenga shule, wakalea yatima. Mwaka 1836 ulifika, ukapita kama miaka mingine. Mashamba yao yalikuwapo, na watoto wao walikuwa wakisoma.

MWAKA 1844

Katika nchi ile ile ya Württemberg, mwaka 1810, alizaliwa mwana wa mkulima katika kijiji cha Derendingen. Jina lake Johann Ludwig Krapf. Alikulia kati ya watu waliomngoja Bwana. Mwaka 1837, yaani mwaka mmoja tu baada ya ile tarehe ya Bengel kupita, Krapf alitumwa na shirika la CMS kwenda Uhabeshi. Alifukuzwa huko, akahangaika, na mwaka 1844 akafika Mombasa pamoja na mke wake Rosina, aliyekuwa mja mzito.

Mwaka huo huo wa 1844, ng'ambo ya bahari katika Marekani, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakimsikiliza mkulima mmoja wa jimbo la New York, William Miller. Alikuwa Mbatisti, mtu mnyofu, aliyesoma kitabu cha Danieli miaka mingi na kuona kwamba Bwana angerudi karibu na mwaka 1843 au 1844. Mwishoni wafuasi wake waliitaja siku yenyewe: tarehe 22 Oktoba 1844. Wako walioacha viazi vyao ardhini bila kuvichimba, na wako waliofunga maduka.

Tufikiri basi juu ya mwaka ule mmoja. Mwezi wa Juni, Krapf, mgeni wa siku chache Mombasa, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Kadhi wa mji, Ali bin Mohiddin. Mwezi wa Julai homa iliwashika yeye na mkewe. Rosina alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye akafa, na mtoto naye akafa. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, na kaburi lile lipo hata leo. Krapf, akiwa bado mgonjwa, aliwaandikia wakubwa wake Uingereza kwamba kaburi lile ni ishara ya kuwa vita vya Injili vimeanza katika sehemu hii ya dunia. Halafu akarudi kwenye tafsiri yake.

Oktoba ikafika. Huko Marekani watu walikesha usiku kucha wakitazama juu, na jua la tarehe 23 likawachomozea wakilia. Siku ile wameiita katika historia yao Sikitiko Kuu. Huku Mombasa, mjane Krapf hakuwa na tarehe yoyote. Alikuwa na kamusi ya maneno aliyoyaokota sokoni na ufukoni, na kaburi la watu wake. Na yeye alimtumaini Bwana yule yule. Mimi na wewe tumeipata Biblia ya Kiswahili kwa kazi ya namna ile iliyoanza mwaka ule.

Siwataji watu wa Miller kwa kuwadharau. Baadhi yao, baada ya machozi, waliyasoma Maandiko upya, na kutoka kwao likatokea Kanisa la Waadventista wa Sabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863. Ndugu hao walifika Gendia, karibu na Ziwa Viktoria, mwaka 1906, na shule na hospitali zao tunazijua. Nao wangali wamngoja Bwana. Walijifunza kungoja huku wakifanya kazi, na hilo ndilo neno langu la leo.

MAJI YA TANA

Krapf hakukaa Mombasa tu. Mwaka 1846 aliungana na mwenzake wa Württemberg, Johannes Rebmann, wakaanza kazi Rabai. Mwezi wa Agosti 1851 alisafiri Ukambani pamoja na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba, wakielekea mto wetu huu wa Tana. Walipokaribia mto walishambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi aliuawa. Krapf alikimbia porini peke yake, kiu ikambana, na alipoufikia mto alikunywa maji yake kwa shukrani kubwa. Alipotaka kuondoka hakuwa na chombo cha kubebea maji, basi akayatia katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mtutu wa bunduki. Hivyo ndivyo mto wetu ulivyomwokoa yule mmisionari.

Baadaye Krapf aliwaleta Wamethodisti walioanza kazi Ribe mwaka 1862, na kutoka Ribe Injili ikafika Golbanti, karibu na Garsen, kati ya ndugu zetu Waorma. Mwezi wa Mei 1886 Wamaasai waliivamia Golbanti. Mmisionari John Houghton na mkewe Annie waliuawa, pamoja na Wakristo wenyeji kadha wa kadha. Wangeweza wengine kusema, Mwisho umefika, tuondokeni. Lakini kazi ya Golbanti haikufungwa. Mwaka uliofuata, 1887, Ferdinand Würtz wa misioni ya Neukirchen alianza kazi Ngao, kati ya Wapokomo, na wakaanza kuyatia Maandiko katika Kipokomo.

Rebmann naye alikaa Rabai karibu miaka 29 pasipo kurudi kwao hata mara moja. Macho yake yalipofuka. Walioongoka kwa mikono yake walikuwa wachache mno. Mwaka 1875 alirudishwa Ujerumani, akafia Korntal, kile kijiji cha watu wanaongoja, mwaka 1876. Krapf pia alikaa Korntal uzeeni. Asubuhi ya tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta amekufa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882. Bwana alipomjia mtumishi huyu, alimkuta akiomba, na mezani kazi yake ilikuwa tayari.

NILIPOKATAA JEMBE

Sasa nawaeleza lile nililoliahidi. Mwaka 1999 nilikuwa kijana wa miaka 19, nimemaliza shule, nakaa nyumbani kando ya mto huu. Siku zile vijitabu na kanda vilikuwa vikipita mkono kwa mkono, vikisema kwamba mwaka 2000 hautaingia, au ukiingia utaingia na Bwana. Niliamini. Wakati wa kutayarisha shamba ulipofika, nilimwambia mama kwamba siendi, maana mahindi yale hakuna atakayeyala. Nilikuwa nikikesha kanisani, na niliona kwamba mimi ni wa kiroho kuliko yeye.

Mama hakubishana nami. Alichukua jembe lake akasema, "Haya, mwanangu. Bwana akija atanikuta shambani. Hapana neno." Akaenda peke yake.

Mwaka 2000 uliingia kama kawaida, majogoo wakawika. Kisha ukaja ukame mkali ambao wengi mwaukumbuka, hata mijini umeme ukagawiwa kwa zamu. Tulikula ndizi na mahindi machache aliyoyapata mama kwa mikono yake pale karibu na maji. Kila nilipokula nilitazama chini. Hakuniambia neno hata siku moja, na kunyamaza kwake kulinifundisha kuliko vitabu vingi nilivyovisoma baadaye katika chuo cha theolojia.

Mimi nilipoteza msimu mmoja wa kilimo. Wengine walipoteza zaidi. Tarehe 17 Machi mwaka ule wa 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya kanisa lililofungwa. Walikuwa wafuasi wa kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu, chini ya Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Waliambiwa dunia itakwisha mwisho wa mwaka 1999, wakauza mali zao. Siku ilipopita, wakapewa siku nyingine. Baadaye yakapatikana makaburi mengine yenye maiti za watu waliokufa kabla ya moto.

SHAKAHOLA

Tulisema, Hayo ni ya Uganda. Halafu yakatufikia mlangoni. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi. Maiti zilizofukuliwa zilizidi 400. Wengi walikuwa wamekufa kwa njaa, na wapasuaji wa maiti walieleza kwamba wengine, wakiwemo watoto, walionyesha alama za kunyongwa au kupigwa. Serikali ilisema kwamba watu hao walifundishwa kufunga hata kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, pamoja na wenzake, walishtakiwa mwaka 2024 kwa mashtaka mengi, likiwemo la mauaji ya watoto 191, nao wakayakana. Hukumu ni ya mahakama, wala mimi siihukumu kesi hapa. Mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, si mbali na pale.

Lakini kuna neno ambalo mchungaji hana budi kulisema. Sisi wa makanisa ya zamani tulishtuka, tukasema, Hao si wetu. Je, ni kweli? Wengi wa watu wale walibatizwa katika makanisa kama yetu. Walikuwa na maswali juu ya mwisho wa dunia, juu ya njaa, juu ya mateso ya watoto wao, nasi hatukuyajibu. Kwa kuwa tuliogopa kitabu cha Ufunuo, tuliufunga. Majilio yalipofika tulihubiri habari za sare za kwaya na sikukuu ya Krismasi. Mtu mwenye kiu asipopewa maji safi nyumbani, atakunywa ya dimbwini. Katika hili mimi ninatubu mbele yenu.

MTUMWA ALIYESIFIWA

Basi turudi kwenye somo letu. Baada ya kuwaambia wanafunzi kwamba siku haijulikani, Bwana Yesu anatoa mfano wa mtumwa aliyewekwa na bwana wake juu ya nyumba. Angalieni kazi aliyopewa mtumwa yule, katika aya ya 45. Hakuambiwa asimame mlangoni akitazama njia. Hakuambiwa ahesabu siku. Aliwekwa ili awape watu wa nyumbani chakula kwa wakati wake. Na heri yake ni hii, kwamba bwana wake atakapokuja atamkuta akifanya hivyo.

Ndugu zangu, mtumwa aliyesifiwa alikutwa akigawa chakula. Na mtumwa aliyehukumiwa ni yule aliyewapiga wenzake. Geuzeni ukurasa, msome sura ya 25, ambayo ni mazungumzo yale yale ya mlima wa Mizeituni. Mfalme atakapoketi katika kiti cha utukufu, atawauliza watu juu ya mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Yeye aliyesema kwamba kumlisha mdogo mwenye njaa ni kumlisha yeye, ndiye ambaye huko Shakahola jina lake lilitumiwa kuwanyima watoto chakula. Hakuna uongo mkubwa kupita huo. Mtu yeyote akija kwako na habari za kuja kwa Yesu, mwulize neno moja tu: Mafundisho yako yanamlisha mtoto, au yanamwacha na njaa? Jibu lake litakuonyesha ametoka kwa nani.

Sisi wa Tana tuna mwalimu mwingine, nao ni mto. Babu zetu waliungoja mto ufurike na kupungua, ndipo wapande katika udongo laini. Hawakujua siku. Mwaka mwingine maji yaliwahi, mwaka mwingine yakachelewa, na mwaka mwingine, kama 1961 na tena 1997, yakaja kwa nguvu za kutisha. Siku hizi mabwawa ya juu, tangu Masinga hata Kiambere, yakijaa, tunatangaziwa kwa redio tuhamie sehemu za juu. Lakini hata babu zetu wasiokuwa na redio hawakukaa bure. Walichonga mtumbwi wakati wa kiangazi. Waliweka mbegu mahali pakavu. Walijua jirani yupi ni mzee asiyeweza kutembea, ili maji yakija usiku wamchukue kwanza. Ndivyo anavyongoja mtu mwenye akili. Asiyeamini kwamba mto utafurika hachongi mtumbwi. Aaminiye lakini akakaa ukingoni mchana na usiku akitazama maji, naye hachongi. Wote wawili watakutwa sawasawa.

Kwa hiyo nakusihi mambo matatu, ewe msikilizaji. La kwanza, usiache kumngoja Bwana kwa sababu ya waongo. Fedha bandia haifanyi fedha halali kuwa si kitu. Dunia hii yenye damu na njaa haitaachwa hivi milele. Yuko Hakimu wa haki, naye aja. Wale watoto wa msituni wana Mtetezi. La pili, mtu akikutajia tarehe, hata awe na Biblia kubwa namna gani, usimfuate. Na akikutaka uuze shamba, umtoe mtoto shuleni, uache dawa au uache kula, mwambie mchungaji wako, na mwambie chifu. La tatu, tengeneza mambo yako leo kama mtu atakayeonana na Bwana wake jioni. Deni lilipe. Uliyegombana naye, mwendee. Na jembe lisilale.

Nawarudisha sasa chini ya mwembe wa Chewele. Nilimsomea mzee ile aya ya 45, polepole, mara mbili. Alifikiri. Akauliza, "Basi Bwana akija na mahindi yangu yangali mabichi?" Nikamwambia, "Mzee wangu, atakukuta na jembe mkononi kwa ajili ya wajukuu zako. Hutaona haya." Nilimweleza pia habari za mama yangu, ambazo nilikuwa sijawahi kumweleza mtu wa ushirika wangu. Alicheka kidogo, akakifungua kile kitambaa, akahesabu fedha zake.

Alipanda juma lile. Nami nilipopita tena, alinipa mahindi mabichi sita nipeleke nyumbani.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, twaamini ya kuwa utakuja. Utusamehe tuliohesabu siku, na utusamehe tuliosahau kukungoja. Wafariji waliofiwa huko Shakahola na Kanungu. Wakumbuke walio kando ya mto huu, Wakristo na Waislamu, wanaopanda bila kujua watavuna lini. Utukute sisi sote tukiwapa watu wako chakula kwa wakati wake, na mioyo yetu ikifurahi kukuona. Kwa jina lako tumeomba. Amina.